Uhuru wetu haukuanzia Léopoldville

Muulize mwanafunzi wa Goma nani alituletea uhuru, atakujibu bila kupumua: Lumumba, Kasavubu, meza ya duara ya Brussels, 30 Juni 1960. Nimefundisha historia mjini hapa hadi nikaota mvi, na sina ugomvi na jibu hilo. Ugomvi wangu ni ule ukimya unaofuata nikiuliza: na huku kwetu Kivu je?

Huku kwetu watu waliasi mwaka 1944, miaka 16 kabla ya bendera ya Ubelgiji kushushwa. Ilikuwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: Japani ilikuwa imeteka mashamba ya mpira ya Malaya, na magari ya vita yalihitaji matairi. Mwaka 1942 serikali ya koloni ikaongeza kazi za lazima vijijini hadi siku 120 kwa mwaka. Miezi minne, jamani! Kugema mpira msituni, kulima kwa amri, kuchonga barabara. Aliyekosa alikutana na fimbo au gereza. Shamba la kulisha watoto lilimwe lini?

Ndipo, upande wa Masisi na Lubutu, Bushiri Lungundu, Mkumu kwa kabila na mfuasi wa dini ya Kitawala, akawainua watu. Dini hiyo Wabelgiji wenyewe waliisaidia kuenea: walimfukuza mhubiri kutoka Katanga wakampeleka mbali, naye akahubiri huko huko alikopelekwa. Uasi ulivunjwa na Force Publique, askari Wakongo chini ya maofisa Wabelgiji.

Najua vijana wa mtaa wa Birere hapa Goma watakavyonijibu: “Mwalimu, wakombozi tumewachoka.” Waasi wa AFDL 1996, RCD 1998, M23 mwaka 2012 na tena Januari 2025, kila aliyeingia na bunduki alisema amekuja kutukomboa. Wana haki ya kuchoka. Tena Bushiri hakuwa malaika, na uasi wake ulikuwa na ukatili wake. Lakini waliomfuata walikuwa wakulima wa hapa hapa, wala hakuna serikali iliyowapa silaha. Mtoto asiyefundishwa tofauti hiyo atawapima wote kwa kipimo kimoja.

Hata chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, tumeisimamishia sanamu mjini, na inastahili, maana imebeba viazi na makaa ya mji mzima. Watu wa 1944 sijaona hata barabara yenye jina lao.

Tusingoje Kinshasa. Mitaani Ndosho na Mugunga kuna familia nyingi zilizokimbia vita Masisi na Walikale, na humo wamo wazee ambao baba zao waliugema mpira ule. Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi kazi ya nyumbani: kila mmoja akae na mzee, amwulize: baba yako alifanyishwa kazi gani, alilipwa nini, alijificha wapi askari walipokuja? Yaandikwe kwenye daftari, na 30 Juni ijayo watoto wayasome hadharani, kabla wakubwa hawajashika kipaza sauti.