Fimbo Mbili za Wafini
Nchini Ufini, mtu mwenye afya tele akipita barabarani na fimbo mbili mikononi, hakuna anayegeuka kumshangaa. Mazoezi haya ya kutembea na fimbo mbili yalianza kwa wanamichezo wa ski, yaani wa kuteleza juu ya theluji, waliotaka kulinda pumzi na nguvu za mikono wakati wa kiangazi, theluji ikiwa imeyeyuka. Fimbo maalumu zilipoingia sokoni mwaka 1997, yakawa ya watu wote, wazee kwa vijana. Wengi huziona fimbo wakadhani ni za kuegemea. Sivyo hata kidogo. Mtazame anayejua: mkono wa kulia unakwenda mbele pamoja na mguu wa kushoto, ncha ya fimbo inagusa ardhi nyuma ya mkono, kisha anaisukuma mpaka kiganja kipite nyonga na vidole vifunguke, fimbo ikibaki imeshikiliwa na mkanda uliozunguka kiganja. Msukumo huo ndio kiini cha yote: unaamsha mabega, mgongo na tumbo, na moyo unafanya kazi zaidi kuliko katika matembezi ya kawaida ya mwendo uleule. Kwenye lami ncha huvishwa raba, kwenye udongo au barafu chuma huachwa wazi. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa anayeogopa kukimbia sioni pa kuanzia pazuri kuliko hapa, hasa wazee wetu ambao goti likigoma hukaa ndani kutwa nzima.