Sheria mpya ya kodi inaanza lini, na nani anatuambia?

Kila mwanzo wa mwaka, kuanzia Kalundu hadi Kavimvira, neno ni lile lile: "Kodi imebadilika." Mama anayeuza ndagala analisikia kwa mtoza kodi, mwenye duka kwa jirani yake, mwalimu siku ya mshahara. Waliosikia sheria yenyewe ikisomwa ni wachache sana.

Wapendwa, tuanzie kwenye Katiba ya 18 Februari 2006. Kifungu cha 174 kinasema kodi haiwekwi isipokuwa kwa sheria. Kinasema pia kwamba kuchangia gharama za nchi ni wajibu wa kila anayeishi humu, na hilo tusiliruke. Kifungu cha 142 ndicho kinachotoa hesabu ya siku: sheria inaanza kutumika siku 30 baada ya kutangazwa katika Gazeti Rasmi, isipokuwa sheria yenyewe imetaja tarehe nyingine. Kisha kinaidai serikali iieneze kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu ilipotiwa sahihi. Kiswahili ni mojawapo ya hizo nne. Je, ni nani kati yetu aliyewahi kuona sheria ya kodi iliyoletwa Uvira kwa Kiswahili?

Kutiwa sahihi ni jambo moja, kuanza ni jingine. TVA, ile ya 16 kwa mia, iliwekwa kwa sheria ya 20 Agosti 2010 lakini ilianza 1 Januari 2012. Muda huo wa zaidi ya mwaka mmoja ulikuwa wa kuwafundisha watu. Hata hivyo ilipoanza, bei zilipanda, na serikali na wafanyabiashara wakarushiana lawama. Mnunuzi ndiye aliyelipa.

Kwa wanaotangaza mapato yao kwa DGI, tarehe zina uzito wa pekee. Tangazo la kodi ya faida hupelekwa kabla ya Aprili kwisha, lakini faida inayotangazwa ni ya mwaka uliopita. Basi sheria mpya ikitokea, swali la kwanza ni hili: inahusu fedha zilizoingia tangu siku ilipoanza, au hata zile za mwaka uliokwisha? Jibu limo ndani ya sheria, si mdomoni mwa anayekuja na daftari mkononi. Kodi ya mshahara nayo hukatwa na mwajiri na kupelekwa kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Hapo makanisa yenye shule na vituo vya afya yajiangalie pia, maana na sisi ni waajiri.

Vita vimeongeza giza. Tangu Bukavu ilipotekwa Februari 2025, mikono inayodai kodi katika Kivu Kusini imekuwa mingi. Suala hilo ni kubwa kuliko makala hii, ila ndilo linalofanya tarehe na sahihi ya sheria kuwa mambo ya muuza samaki pia, wala si ya wanasheria tu.

Katika Luka 3, watoza ushuru walipomwuliza Yohana wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwakataza kutoza zaidi ya walichoamriwa. Lakini asiyejua kilichoamriwa atajuaje kwamba kimezidishwa? Tunaona ni kosa kuhubiri Warumi 13 kwa mwenye kulipa tu, huku Luka 3 ikibaki imefungwa.

Katika sharika zetu wako walimu, wahasibu na wanasheria wanaosoma Kifaransa. Dakika 10 baada ya matangazo ya Jumapili zinatosha kusoma vifungu viwili kwa Kiswahili, kutaja kiwango na tarehe ya kuanza, kisha kuacha nakala kwa shemasi. Jumatatu sokoni, mama ataweza kuuliza kwa upole: sheria namba ngapi, ya tarehe gani, na kikaratasi chenye muhuri kiko wapi?