Amplifaya za taa zisiishie kwenye chuma chakavu

Mwaka 1952, Hugh Tracey alipomrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda mjini Jadotville, Likasi ya leo, redio na amplifaya zilitumia taa za kioo. Zile zilizobaki Katanga zinastahili fundi, si mnunuzi wa chuma chakavu.

Wengi hudhani taa hazipatikani tena. Si kweli: EL34 na EL84 bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China. Zinazochoka ni kapasita. Zikikauka, spika hunguruma. Zikivuja, huunguza taa na hata transfoma, ambayo ndiyo ghali. Kwa hiyo mashine iliyolala miaka isichomekwe kwa pupa, eti wageni wasikie. Kapasita zibadilishwe kwanza. Na fundi aliyezoea simu awe mwangalifu: volti 300 na zaidi zinaweza kubaki ndani hata baada ya waya kuchomolewa.

Umeme wa Lubumbashi nao hukatika, kisha hurudi kwa kishindo. Ukikatika tu, swichi izimwe.

Ujuzi huu wanao wazee wachache. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, chenye kampasi yake Kasapa, kinafundisha wahandisi. Kiwaite wazee hao wakiwa bado na macho ya kulehemu, na wanafunzi waje na mashine za babu zao.