Fulana za Kundi na Orodha ya Waliolipa



Sikukuu ya Kristo Mfalme, ambayo tangu mwaka 2021 ndiyo pia siku ya vijana katika majimbo yetu, inapokaribia, makundi ya WhatsApp ya parokia huanza kuzungumzia fulana. Humo wamo waliobaki Likasi, waliokwenda kusoma Lubumbashi, waliopata kazi Kolwezi, na wengine ambao hawajaonana uso kwa uso tangu Kipaimara. Wanataka siku hiyo wavae nguo moja yenye alama ya kundi lao kifuani. Nia hiyo ni njema, nami siungani na wazee wanaosema kwamba ni majivuno tu. Mwenye heri Isidore Bakanja, kijana mfanyakazi wa nchi hii hii, aliamriwa avue skapulari yake, akakataa; akachapwa vibaya, na majeraha hayo yakamwua tarehe 15 Agosti 1909. Kitambaa kinaweza kusema mtu ni wa nani. Lakini skapulari ni vitambaa viwili vidogo vilivyounganishwa kwa kamba, na maskini naye anaipata. Fulana ina bei, na ni juu ya bei hiyo ninataka kusema neno.

Tazameni jinsi tunavyoagiza. Mmoja anaandika orodha kundini. Wengine wanainakili na kuongeza majina yao pamoja na vipimo. Kila anayelipa anawekewa alama ya vema. Baada ya wiki mbili orodha ina majina 40: majina 35 yana vema, matano hayana. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hata hivyo orodha hiyo imekuwa tangazo la umaskini wa watu watano mbele ya wenzao wote, na wale ambao hawakuthubutu hata kuandika jina hawamo katika hesabu yoyote. Kijana asiye na fedha hasemi kwamba hana. Husema rangi haimpendezi, au kwamba atakuwa safarini. Kisha hunyamaza, na siku ya Misa haonekani. Nani atapenda kuketi na shati lake la kila siku katikati ya fulana 35 za buluu? Sisi tuliofundisha shuleni tunaijua hali hiyo. Ni ile ya mtoto anayesikia jina lake likisomwa mbele ya darasa kwa sababu ya minervali. Kesho yake haleti fedha. Yeye mwenyewe haji.

Mtakatifu Yakobo, katika sura ya pili ya Waraka wake, anawakemea Wakristo waliompa kiti kizuri mwenye mavazi ya fahari na kumwacha maskini amesimama. Yeye aliona watu wakitenganishwa na mavazi yasiyolingana. Sisi tumepata njia ya kuwatenganisha kwa mavazi yanayofanana.

Basi rai yangu ni hii: hesabu ziwe wazi kwa wote, na majina ya waliolipa na wasiolipa yawe siri ya watu wawili. Mara nyingi tunafanya kinyume chake. Kundi zima linajua nani hajalipa, lakini halijui mchapaji alidai kiasi gani, ada ya kutoa fedha katika M-Pesa au Airtel Money ilikuwa ngapi, wala kilichobaki kilikwenda wapi. Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya waamini wa Yerusalemu hakutaka kuushughulikia peke yake. Katika sura ya nane ya Waraka wa pili kwa Wakorintho anaeleza kwamba ndugu wengine walihusishwa, ili asiwepo mtu wa kumlaumu kwa ajili ya fedha hizo. Ikiwa Paulo alitaka mashahidi, mtunza fedha wa vijana asione aibu kupewa mwenzake. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, alipokutana na vijana na makatekista mjini Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, aliwafundisha kwa vidole vya mkono, na kidole cha kati akakipa uaminifu.

Kabla ya kupokea faranga moja, hao wawili waende kwa mchapaji na kurudi na bei iliyoandikwa. Wamwulize kama atachapa kwa serigrafi, ambayo kila rangi huhitaji fremu yake na kazi ya kuitayarisha hulipwa sawasawa kwa fulana kumi au mia. Ndiyo maana alama ya rangi moja juu ya fulana nyingi huwa nafuu. Au atabandika picha kwa joto? Njia hiyo yafaa kwa fulana chache, lakini mara nyingi picha hupasuka kwa kufuliwa. Waulize pia kama bei ni ya dola au ya faranga, na kama ni ya dola, watahesabu kwa badilisho la siku gani. Ugomvi mwingi huanzia hapo. Wasitoe avansi bila stakabadhi, wala wasiruhusu kazi yote kabla ya kuona fulana moja ya mfano. Kuhusu vipimo, msiziamini herufi za shingoni, kwa maana kila kiwanda kina desturi yake. Tandazeni mezani fulana inayowakaa vizuri, mpime kutoka kwapa hadi kwapa.

Sasa tuseme fulana moja ni faranga 14,000, na vijana ni 40, watano kati yao hawawezi kulipa. Wale 35 wakitoa 16,000, ziada ni faranga 70,000, nazo ndizo fulana tano kamili. Basi bei itangazwe tangu mwanzo kuwa 16,000, na ielezwe kwamba ndani yake imo sehemu ya ndugu. Asiyeweza amwandikie mtunza fedha faraghani, atoe alicho nacho, asiulizwe zaidi. Kundini ibaki hesabu tu: ndogo 9, za kati 17, kubwa 14.

Mtaniambia kwamba wenye fedha nao watajificha humo. Yawezekana. Mtu mmoja akivaa bure bila haki, kundi limepoteza faranga 14,000. Kijana mmoja akiacha kuja, hasara hiyo sijui mtaiandika katika safu gani.

Iko njia nyingine, nayo huja haraka: mheshimiwa fulani atalipia zote, mradi jina lake liandikwe mgongoni. Mkataeni kwa adabu. Kila majira ya uchaguzi barabara zetu hujaa fulana za bure zenye sura za wagombea, na kila mtu anajua maana yake. Akitaka kutoa bila jina, mshukuruni. Asipotaka, vaeni mashati meupe ambayo wengi wanayo nyumbani, na kitambaa kimoja shingoni kama cha skauti, kitatosha.

Na Jumapili ya kwanza ya Majilio, sikukuu ikiisha kupita, mtunza fedha na mwenzake waweke kundini picha ya stakabadhi pamoja na hesabu nzima: kilichoingia, malipo ya mchapaji, ada za simu, nauli ya mzigo uliopelekwa Kolwezi kwa basi. Zikibaki hata faranga 500, kundi liulizwe ziende wapi.