Ziwa Mweru: Kosa moja, adhabu mbili

MVUVI wa Nchelenge, Zambia, na mwenzake wa Kilwa, upande wa DRC, hutega nyavu katika Ziwa Mweru. Wapo walio ndugu wa ukoo mmoja. Mpaka kati yao ni matokeo ya makubaliano ya Waingereza na Mfalme Leopold ya mwaka 1894. Wakikamatwa, hata hivyo, sheria haiwatazami kwa jicho moja.

Kila mwaka Zambia hufunga uvuvi kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari. Mzambia akikutwa na nyavu hujibu kosa la uvuvi. Mkongomani asiye na hati anaweza kuongezewa kosa la uhamiaji, chini ya sheria ya mwaka 2010, na kurudishwa kwao.

Mkimbizi ana mtihani mwingine. Makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, yalifunguliwa mwaka 2018 kwa waliokimbia mapigano DRC. Zambia iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 bila kujifunga na kifungu cha 26 kuhusu uhuru wa kutembea. Kwa hiyo, mkimbizi anayetoka makazini bila kibali kwenda sokoni Kashikishi anaweza kuishia mahabusu. Jirani yake Mzambia hahitaji kibali hicho.

Katiba ya Zambia, kifungu cha 23, inakataza ubaguzi wa rangi, kabila na mahali mtu alikotoka. Kifungu hichohicho kinaruhusu sheria kuwatenga wasio raia. Watetezi wake wanasema kila nchi ina haki ya kulinda mipaka na samaki wake. Ni kweli, lakini haki hiyo haiondoi kifungu cha 18, kinachompa kila mshtakiwa mkalimani bila malipo. Mzungumzaji wa Kiswahili mbele ya mahakama inayoendeshwa kwa Kiingereza anaweza kukiri asichokielewa.

Mageuzi hayahitaji kufuta mpaka. Mkalimani apatikane tangu kituo cha polisi, na msaada wa kisheria uwafikie pia wasio raia. Vibali vya Mantapala vitolewe haraka, na kosa la kukosa kibali lisimpeleke mtu rumande. Lusaka na Kinshasa nazo zikubaliane kufunga ziwa siku moja. Zote ni wanachama wa SADC na COMESA. Vikao vya kuzungumzia jambo hilo vipo tayari.