Kada gani ya jeshi haifikiwi na vita?

Hapa Arusha, Barabara ya Oljoro inapita Kwa Mrombo, na Oljoro kuna kambi ya JKT. Vijana wanapoitwa kuripoti, mabegi hupita hapa, na kwenye mabanda ya nyama choma huzuka mjadala ambao sijausikia ukiisha: kijana akitoka JKT akachukuliwa JWTZ, aombe kada gani ili vita imkose? (Wazazi wa kidato cha sita, wale wa mujibu wa sheria, wasihangaike, watoto wao wanamaliza mafunzo na kurudi nyumbani.) Jibu la mtaani liko tayari: awe dereva, fundi, tabibu, mpishi, karani wa stoo. Risasi waachiwe askari wa miguu.

Jibu hilo si la kupuuzwa. Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 2098 na kuunda brigedi ya kuwashambulia waasi mashariki mwa Kongo. Batalioni zake tatu za askari wa miguu zilitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Tofauti na walinda amani tuliowazoea, hawa walipewa ruhusa ya kwenda kumtafuta adui. Aliyekuwa kwenye batalioni ya Tanzania alikuwa karibu zaidi na mapigano kuliko fundi aliyebaki karakana ya Dar es Salaam, na hilo halihitaji mtaalamu kulieleza.

Shida inaanza pale fundi naye anapopanda ndege pamoja na batalioni. Desemba 7, 2017 waasi, ambao Umoja wa Mataifa uliwataja kuwa ni ADF, waliivamia kambi ya walinda amani huko Semuliki, wilaya ya Beni, Kivu Kaskazini. Mapigano yalidumu saa nyingi usiku. Watanzania waliopoteza maisha walifika 15, na majeruhi walikuwa wengi zaidi ya hao. Kambi ya kombania porini ni ndogo. Ina mpishi, dereva, mtu wa redio na tabibu, na ikizingirwa, anayeshika sufuria hana nyuma ya kukimbilia. Aprili 2024 ikawa hivyo kwa namna nyingine: kombora la mota liliangukia karibu na kambi ya majeshi ya SADC huko huko Kongo, likaua askari watatu wa Tanzania. Mota hurushwa kutoka mbali, na walio kambini huwa shabahani wote, wawe lindoni au jikoni.

Barabarani mambo ni mabaya zaidi. Julai 13, 2013 doria ya walinda amani ilivamiwa Darfur, karibu na Khor Abeche. Watanzania saba waliuawa, na askari na polisi 17 wa ujumbe huo wakajeruhiwa. Anayevizia msafara hutaka kwanza gari la mbele lisimame. Kwa hiyo kazi ya udereva, inayosifiwa Kwa Mrombo kuwa ya salama, inaweza kumweka kijana mahali pa kulengwa wa kwanza.

Halafu kuna kifo kisicho na adui. Katika vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, hesabu inayonukuliwa zaidi ni ya wanajeshi 373 wa Tanzania waliofariki, na kati yao 96 tu ndio waliouawa katika mapigano. Waliobaki, 277, walikufa kwa sababu nyingine. Kwenye operesheni za kulinda amani duniani wamekufa zaidi ya watu 4,000 tangu 1948, na waliouawa kwa makusudi ni kama robo. Wengi waliondolewa na maradhi na ajali. Rudi nyuma zaidi, hadi Vita Kuu ya Kwanza iliyopiganwa Longido mwaka 1914 na kufika Arusha mwaka 1916: wapagazi wa upande wa Waingereza pekee walikufa makumi ya maelfu, wengi zaidi kuliko askari waliowabebea mizigo, na wengi wao kwa magonjwa na njaa. Hawakuwa hata na bunduki.

Ndiyo maana nasema swali la kada limekaa vibaya. Kinachoamua zaidi ni mahali kijana anapopelekwa, safari anazofanya akiwa huko, na kama kuna mtu wa kumwokoa. Polisi wa jeshi wa Tanzania waliopelekwa Lebanon na askari aliyekuwa Beni walivaa sare moja, lakini hatari zao hazikulingana.

Hapo kwenye kuokolewa ndipo Semuliki inapouma. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2018 ulikuta kwamba hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu wala kuwatoa askari wale. Ulitaja kasoro za uongozi na amri, na upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi. Rubani, mhandisi wa medani, mchambuzi wa taarifa: hizo ndizo kada ambazo mtaani zinaitwa za kujificha. Zilipopungua, askari wa miguu ndiye aliyelipa.

Wizara ya Ulinzi ingeweza kuumaliza ubishi wa mabandani kwa karatasi moja kila mwaka: wangapi wamefariki kazini, kwa risasi, kwa ajali au kwa maradhi, na walikuwa wakifanya kazi ya aina gani. Najua jibu litakuwa siri ya jeshi. Lakini Umoja wa Mataifa tayari huchapisha vifo vya walinda amani kwa nchi, kwa operesheni na kwa sababu, na hakuna kambi iliyovamiwa kwa ajili ya jedwali. Hatuombi majina wala namba za vikosi. Kamati ya Bunge inayohusika na ulinzi ina haki ya kuidai karatasi hiyo.

Nawe mzazi, kijana wako akikuuliza aombe kada gani, mwambie aombe anayoiweza. Kisha aulize maswali mawili kabla ya kusaini: dereva na mpishi hufundishwa nini siku msafara ukiviziwa, na helikopta ya majeruhi hufika baada ya muda gani.