Kisanduku Kitupu si Sufuri

Wanachuo wengi, wanapofundisha takwimu wakati wa mazoezi ya kufundisha, huwaonyesha watoto jinsi ya kuchora grafu na kutafuta wastani, kisha huishia hapo. Namba zenyewe zimekwisha andaliwa kitabuni, kamili na safi. Mambo hugeuka pale wanafunzi wanapotumwa kuhesabu mbuzi katika kaya 10 za kijiji chochote hapa Kasulu.

Tuseme kaya 8 zimejibu: 4, 0, 6, 3, 5, 2, 4, 0. Jumla ni 24, wastani 3. Katika kaya 2 hakukuwa na mtu. Mwanafunzi akijaza sufuri katika visanduku hivyo, wastani hushuka hadi 2.4, na kijiji kimefukarishwa kwa kalamu. Wako wanaoshauri tujaze wastani wenyewe, yaani 3. Sikubaliani nao. Huenda wenye nyumba hizo wamekwenda machungani, nao ndio wenye mbuzi wengi kuliko wote! Hatuna budi kuuliza kwanza kwa nini pengo lipo, kisha kurudi jioni. Ikishindikana, iandikwe "hawakupatikana", na wastani utajwe kuwa ni wa kaya 8 kati ya 10.

Kosa la kuandika ni jambo jingine. Katika kaya ya kwanza, 4 ikiandikwa 40, wastani huruka hadi 7.5, lakini namba ya katikati, zote zikipangwa kwa ukubwa, hubaki 3.5 kama awali. Hata hivyo 40 isifutwe kwa ukubwa wake tu. Wenye mbuzi 40 wapo.

Sensa za taifa nazo zina dosari zake. Umri unaoishia na 0 au 5 hupata watu wengi kuliko miaka ya jirani, kwa kuwa wasiojua mwaka wao wa kuzaliwa hukadiria. Hapo husaidia kuuliza kwa matukio: Uhuru wa 1961, Azimio la Arusha la 1967, au, kwa wenyeji wa huku, wakimbizi wa Burundi walioingia 1993. Kutunga orodha ya namna hiyo ni kazi nzuri ya darasa.

Linalonisumbua zaidi ni daftari la mahudhurio. Wako walimu wanaolijaza siku ya Ijumaa, kwa wiki nzima, kwa kubahatisha. Mtoto aliyeacha shule tangu Jumatatu huonekana yupo, na hakuna anayekwenda kumtafuta.